Clough alijikwaa goti, kisha akajikwaa ulimi

Wahenga walinena kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi kama mfano wa matumizi ya sitiari, na ninakiri kuwa kwa muda huo wote sikuwahi kujiuliza kwa dhati iwapo ni ya kweli. Aliyenilazimisha kuitazama upya si mshairi wala mwanafalsafa. Ni mwanakandanda wa Uingereza aliyefariki dunia mwaka 2004, na aliyenipeleka kwake ni mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili.

Tulikuwa katika somo la pragmatiki, tukijadili vitendo-uneni. Nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi hoja ya J. L. Austin, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Oxford ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1962 baada ya kifo chake, kwamba kusema si kuarifu tu bali pia ni kutenda. Hakimu anapotamka hukumu, mshtakiwa huwa amekwisha kuhukumiwa. Mzazi anapotamka jina, mtoto huwa amekwisha kupewa jina. Ndipo binti mmoja, shabiki wa kandanda asiyeficha ushabiki wake, alipoinua mkono na kuuliza: "Mwalimu, na mkufunzi wa timu je? Hapigi mpira, hakimbii, hazuii bao. Si analipwa kusema tu?" Darasa zima liliangua kicheko. Nami nilicheka, kisha nikaona kwamba sikuwa na jibu. Nikaomba nipewe juma moja.

Katika juma hilo nilisoma habari za wakufunzi wengi, lakini mmoja alinikamata nisitoke: Brian Clough.

Alizaliwa tarehe 21 Machi 1935 mjini Middlesbrough, kaskazini mashariki mwa Uingereza, mji wa viwanda vya chuma na kemikali. Alikuwa mtoto wa sita kati ya watoto tisa, na baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha peremende. Alipofika umri wa miaka kumi na mmoja alifanya mtihani uliokuwa ukiwachuja watoto wa Uingereza siku hizo, wachache wakienda shule za kutayarisha wasomi na wengi wakipelekwa kwingine. Clough alianguka. Sisi tuliokulia chini ya kivuli cha mtihani wa darasa la nane, ambao ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, tunaelewa uzito wa jambo hilo bila kuelezwa. Hata hivyo, katika shule hiyo ya walioanguka walimu walimfanya kiranja mkuu. Nimelitafakari sana jambo hili. Mtihani ulipima alichoweza kuandika, na walimu wakaona alichoweza kuwafanya wenzake watende kwa kuwaambia. Mwaka 1950, akiwa na miaka kumi na mitano, aliacha shule bila cheti chochote, akaajiriwa katika kampuni ya kemikali ya ICI.

Kandanda ndiyo iliyomwokoa. Akiwa mshambulizi wa Middlesbrough, na baadaye wa Sunderland, alifunga mabao 251 katika mechi 274 za ligi. Msomaji ayasome tena mahesabu hayo: ni bao karibu kila mchezo, msimu baada ya msimu. Ni kweli kwamba mengi yalifungwa katika Daraja la Pili, na kwamba timu ya taifa ilimwita mara mbili tu, mwaka 1959, asifunge hata moja. Lakini hata wale waliomchukia, nao walikuwa tele, hawakukana kwamba alijua lango liko wapi.

Kisha ikaja tarehe 26 Desemba 1962. Sunderland walikuwa wakicheza na Bury katika uwanja wa Roker Park, ardhi ikiwa imeganda kwa baridi. Clough aliufuata mpira mbele ya lango, akagongana na kipa Chris Harker, na kano za goti lake zikakatika. Siku hizo madaktari hawakuwa na ufundi wa kuziunga kama walio nao leo. Alihangaika kujitibu, akarejea uwanjani mwaka 1964 kwa mechi tatu, na mambo yakaishia hapo. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, asiye na cheti wala ufundi mwingine. Alilobakiwa nalo ni ulimi.

Mwezi wa Oktoba 1965 alipewa umeneja wa Hartlepools United, timu iliyokuwa imezoea kuburura mkia katika Daraja la Nne. Hakwenda peke yake. Alimchukua Peter Taylor, kipa wa zamani waliyekuwa wote Middlesbrough, na jina hilo naomba msomaji aliweke akilini. Timu haikuwa na fedha hata za kujikimu. Clough alijipatia leseni ya kuendesha basi ili aweze kuwabeba wachezaji mwenyewe. Mwaka 1967 wawili hao walihamia Derby County, timu ya Daraja la Pili iliyokuwa imesahauliwa, na kufikia 1972 ilikuwa bingwa wa Uingereza kwa mara ya kwanza tangu kuasisiwa kwake mwaka 1884.

Walifanyaje? Taylor alikuwa na jicho, Clough alikuwa na neno. Taylor alizunguka nchi nzima akitafuta vijana wasioonwa na wengine. Akishamwona, Clough alikwenda kusema naye. Roy McFarland, beki kijana wa Tranmere, walimfuata nyumbani usiku akiwa amekwisha kulala, wakamtoa kitandani, na Clough hakunyamaza mpaka kijana alipotia sahihi. Huyo alikuja kuwa nahodha wa Derby na beki wa timu ya taifa. Clough mwenyewe alikiri wazi mgawanyo huo wa kazi: alisema yeye ni dirisha la mbele la duka, na Taylor ndiye bidhaa zilizoko nyuma.

Dirisha lilipendeza kweli. Katika televisheni na magazeti hakuna aliyemfikia kwa maneno. Alipoulizwa kuhusu ukuu wake, alijibu kwamba hangesema yeye ni meneja bora kuliko wote, ila alikuwa katika kundi la kwanza, nalo lilikuwa kundi la mtu mmoja. Alipoulizwa afanyavyo mchezaji akipingana naye, alisema kwamba huketi wakazungumza kwa dakika ishirini, kisha wakakubaliana kuwa Clough ndiye aliyesema kweli. Ni mizaha, lakini ukiichunguza kwa jicho la isimu utaona ustadi mkubwa: sentensi inaanza kwa unyenyekevu, na neno la mwisho linaupindua wote.

Kisa kimoja cha zama hizo nimekwisha kukitumia katika somo la tafsiri. Mwezi wa Aprili 1973 Derby walishindwa 3-1 mjini Turin na Juventus, katika nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa barani Ulaya. Clough aliamini kwamba timu yake ilidhulumiwa. Waandishi wa Kiitalia walipomkabili, aliwatukana kwa kuwaita walaghai ambao hangesema nao, na kwa kuwa hawakuelewa Kiingereza chake, akamgeukia Brian Glanville, mwandishi Mwingereza aliyekijua Kiitalia, akamtaka awafasirie. Glanville akafasiri. Huwa nawauliza wanafunzi: je, hapo aliyetukana ni nani? Hatujapata kukubaliana.

Mwezi wa Oktoba mwaka uo huo Clough na Taylor waligombana na wakurugenzi wa Derby, sababu kubwa ikiwa ni hayo maneno ya kwenye magazeti na televisheni, wakajiuzulu. Walipita Brighton kwa muda mfupi usio na la kusimuliwa. Ndipo, mwezi wa Julai 1974, Leeds United wakamwita Clough. Safari hii Taylor alikataa kumfuata.

Leeds ndio waliokuwa mabingwa. Meneja wao, Don Revie, alikuwa ameondoka kwenda kuongoza timu ya taifa, akawaacha wachezaji waliompenda kama baba. Kwa miaka kadhaa Clough alikuwa ameitangazia dunia kwamba timu hiyo hushinda kwa hila na ukatili. Sasa alisimama mbele ya wachezaji wale wale. Inasimuliwa, na waliokuwepo wamethibitisha, kwamba aliwaambia wazitupe nishani zao zote katika pipa la taka kwa kuwa hawakuzipata kwa haki. Kisha akawaendea mmoja mmoja. Alipomfikia Eddie Gray, winga hodari aliyekuwa akiandamwa na majeraha, alimwambia kwamba angalikuwa farasi wa mashindano angalikwisha kupigwa risasi.

Hapa ndipo nilipokiweka kitabu chini. Maneno hayo yalitoka katika kinywa cha mtu ambaye goti lake lilikatika akiwa na miaka ishirini na saba. Kati ya watu wote waliokuwa katika chumba kile, hakuna aliyejua uchungu wa Gray kuliko yeye. Pengine ndiyo sababu alilijua mahali pa kuutia mkuki.

Austin anasema kwamba kitendo-uneni hakifaulu kwa maneno peke yake. Sharti pawepo mazingira yake. Msemaji awe na mamlaka yanayotambuliwa, naye msikilizaji awe amekubali kuwa chini ya mamlaka hayo. Huko Derby, Clough aliwakaripia wachezaji kwa ukali usiopungua huu, nao wakampenda na hata kutishia kugoma alipoondoka. Walikuwa wamekwisha kujua kwamba anawatakia mema. Leeds hawakujua hilo, wala hawakuwa na sababu ya kulijua. Aidha, Taylor hakuwepo chumbani, wala nyumbani jioni, kumwambia mwenzake kwamba leo umevuka mpaka. Timu ilishinda mechi moja tu kati ya sita za ligi, na baada ya siku arubaini na nne Clough alifutwa kazi. Usiku uo huo alikubali kuketi katika televisheni ubavuni mwa Revie na kujibizana naye hadharani. Ulimi ulikuwa umemponza asubuhi, na jioni akautegemea umwokoe.

Msomaji aniwie radhi nitoke uwanjani kidogo. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mhadhiri mpya mwenye shahada ya uzamifu ambayo wino wake haujakauka, nilimrudishia mwanafunzi mmoja tasnifu yake mbele ya wenzake ishirini na wawili. Nikamwambia kwamba nimesoma kurasa arubaini nikitafuta wazo, nikapata chapa za kidole chenye mafuta. Wenzake walicheka sana. Nilijiona mwerevu. Kazi yenyewe ilikuwa mbovu, hilo sibadilishi. Lakini kijana yule alikuwa akilala katika kibanda cha kuuzia chapati cha shangazi yake, na mafuta yale hayakuwa uzembe. Nilikuja kuyajua hayo baadaye, kutoka kwa wengine. Mimi mwenyewe nilisoma kwa karo ya kuchangiwa na nikaandika kwa taa ya chemni. Mwezi uliofuata alihama idara, akaiacha isimu moja kwa moja. Sasa ni mwalimu wa hisabati katika shule moja ya bweni. Tuliwahi kukutana kwenye kituo cha matatu. Akanisalimu kwa heshima, "Shikamoo, Daktari," akapanda gari.

Turudi kwa Clough. Januari 1975 alichukua Nottingham Forest, timu ya kawaida ya Daraja la Pili, na mwaka uliofuata Taylor akajiunga naye. Yaliyotokea baadaye hayajapata kurudiwa: wakapanda daraja 1977, wakawa mabingwa wa Uingereza 1978, wakatwaa Kombe la Klabu Bingwa barani Ulaya 1979 mjini Munich kwa kuwafunga Malmö 1-0, na wakalitetea 1980 mjini Madrid kwa kuwafunga Hamburg 1-0. Walicheza mechi 42 za ligi mfululizo bila kushindwa, rekodi iliyodumu hadi ilipovunjwa na Arsenal mwaka 2004.

Vikombe hivyo vimeandikwa vya kutosha. Kwangu mimi, aliye muhimu zaidi ni John Robertson. Alikuwa Forest tayari Clough alipofika: mnene, mvutaji sigara, mwenye nguo zisizo nadhifu na miguu isiyo na mbio. Kila mtu alikuwa amekwisha kumkatia tamaa. Clough na Taylor walimkaripia kwa maneno ambayo gazeti hili halingeyachapa. Lakini hawakuishia hapo, na hili ndilo walimu wenzangu tulitafakari. Walimwambia pia, na wakawaambia wenzake wote, kwamba mpira ukipatikana apewe Robertson. Walimpa ubawa wa kushoto uwe wake. Mjini Munich, krosi yake ndiyo iliyomfikia Trevor Francis, mchezaji wa kwanza wa Uingereza kununuliwa kwa pauni milioni moja, akafunga kwa kichwa. Mjini Madrid bao lilikuwa la Robertson mwenyewe. Clough alikuja kumfananisha na mchoraji Picasso. Ndiyo kusema karipio na sifa zilitoka katika kinywa kimoja, zikamfikia mtu mmoja, na sifa ikaja na kazi ya kufanya.

Si wote waliopata bahati hiyo. Justin Fashanu alinunuliwa mwaka 1981, naye kwa pauni milioni moja. Clough, aliposikia uvumi kuhusu maisha ya faragha ya kijana huyo, alimwandama kwa dhihaka na kumpiga marufuku mazoezini. Na mwaka 1994, katika kitabu cha maisha yake, aliwalaumu mashabiki wa Liverpool kwa vifo vya wenzao katika uwanja wa Hillsborough, tarehe 15 Aprili 1989, siku ambayo timu yake ndiyo iliyokuwa ikipambana na Liverpool. Mwaka 2016 baraza la mahakama liliamua kwamba watu hao waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mashabiki hawakuwa na hatia. Waliofiwa walikuwa wamebeba neno lile, pamoja na mengine ya aina yake, kwa miaka mingi. Hakuna mzaha unaoweza kulifunika.

Mwaka 1977 Clough alihojiwa kwa ajili ya kuiongoza timu ya taifa, akanyimwa. Mwenyekiti wa chama cha kandanda wakati huo alikuwa Sir Harold Thompson, profesa wa kemia wa Oxford. Waingereza wengi husema kwamba wakubwa waliuogopa ulimi wake. Sisi wa vyuo vikuu tunaifahamu hofu hiyo, na si kila mara huwa ya haki.

Lakini gharama kubwa kuliko zote ililipwa nyumbani. Taylor alistaafu mwaka 1982, kisha baada ya miezi michache akarejea kazini kama meneja wa Derby. Mwaka 1983 akamsajili Robertson, yule yule, bila kumwarifu rafiki yake. Clough alighadhibika. Alitangaza katika gazeti kwamba angemwona Taylor kando ya barabara akiomba lifti, hangemchukua bali angemkanyaga kwa gari. Hawakusema tena. Miji yao imetenganishwa na mwendo wa nusu saa tu kwa gari, na wote wawili walikuwa na simu. Miaka saba ilipita. Oktoba 1990 Taylor alifariki ghafla akiwa likizoni Majorca, na Clough akaenda mazikoni. Kwa muda wote wa maisha yake uliobakia, alisema waziwazi kwamba alimkosa.

Tangu waachane, Forest hawakushinda tena ligi wala kombe la Ulaya, ingawa walitwaa Kombe la Ligi 1989 na 1990. Pombe ilikuwa imemshika. Mwaka 1993 timu ilishushwa daraja ikiwa ya mwisho kabisa, naye akastaafu. Januari 2003 alipandikizwa ini jipya. Tarehe 20 Septemba 2004 akafariki kwa saratani ya tumbo mjini Derby, akiwa na miaka sitini na tisa. Mwaka uliofuata barabara inayounganisha Derby na Nottingham ikapewa jina lake. Mwaka 2010, nje ya uwanja wa Derby, ikasimamishwa sanamu ya watu wawili, Clough na Taylor pamoja.

Haya ndiyo niliyowapelekea wanafunzi juma lililofuata. Yule binti alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Mwalimu, alimwomba msamaha?" Nikamwambia kwamba Taylor alikufa kwanza. Akasema kwamba hilo si jibu la swali lake.

Jioni hiyo nilimwandikia barua mwalimu wa hisabati. Niliiandika mara nne, maana kila mara nilijikuta nikieleza kwa nini tasnifu ilikuwa mbovu. Ya nne ilikuwa na mistari mitatu, nikaipeleka posta mwenyewe. Mpaka ninapoandika haya hajajibu, wala hana deni la kunijibu.